Mstari Mmoja Juu ya Mhuri

Hati ya kuachishwa jeshi ni miongoni mwa tungo fupi zaidi zinazoandikwa na serikali, na husomwa tena na tena muda mrefu baada ya mwandishi wake kuisahau. Katika majeshi yaliyorithi taratibu za Uingereza, la Kenya likiwemo, umbo lake halibadiliki sana. Juu kuna nambari ya askari, jina, cheo na kikosi. Katikati kuna tarehe mbili, ya kuandikishwa na ya kuondoka. Kisha huja sababu ya kuondoka, kwa kawaida mstari mmoja, na chini yake sahihi ya ofisa na mhuri. Karani wa pensheni huisoma. Meneja wa kampuni ya ulinzi anayetafuta mlinzi huisoma. Mjane huitafuta sandukuni kabla ya kwenda kudai haki za marehemu. Wote hao hurukia mstari uleule wa sababu, kwa maana huo ndio unaowaambia kama miaka iliyotajwa juu yake ina thamani au imepotea.

Uhakiki wetu umetufundisha kuhesabu mizani na vina, kutazama kituo, kuuliza msimulizi ni nani na anasema na nani. Zana hizo tumezielekeza mara chache mno kwenye maandishi ya ofisi, ingawa mtu wa kawaida huguswa na maandishi hayo kuliko anavyoguswa na diwani yoyote. Nataka kuzitumia hapa juu ya hati hii, nikiitazama kutoka Isiolo, kwa sababu Isiolo ni mji ambao mizizi yake imo katika kuachishwa jeshi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwaruhusu Wasomali waliokuwa wamelitumikia jeshi la Mwingereza, wengi wao wa koo za Isaaq na Harti, kukaa Isiolo na mifugo yao. Karantini ya mifugo ikaja, ofisi za utawala zikaja, maduka yakafuata. Mwaka 1940 na 1941 barabara ya kwenda Marsabit ilipitisha majeshi yaliyokuwa yakienda kupigana na Mtaliano Uhabeshi. Leo chuo cha mafunzo ya askari wa miguu kiko hapa, kikosi cha 78 cha vifaru kiko hapa, na mitaa yenyewe inaitwa Kambi Garba na Kambi ya Juu. Jeshi ni sehemu ya mji kama soko lake la ng'ombe lilivyo sehemu ya mji.

Wale askari wa kwanza walipomaliza utumishi, walichopewa Isiolo kilikuwa ruhusa ya kukaa na kulisha. Haikuwa hatimiliki. Ahadi isiyo na karatasi huhifadhiwa katika masimulizi, na masimulizi ya wajukuu wa askari hao yana umbo linalostahili kutazamwa. Husemwa kwa nafsi ya kwanza wingi, hata na mtu aliyezaliwa miongo mingi baada ya vita kwisha. Ukiyafupisha, yanabaki matendo mawili: tulipigana, tukapewa. Tendo la pili linatoka ndani ya la kwanza. Hakuna kiunganishi kingine kinachohitajika, kwa kuwa mpangilio wenyewe wa sentensi ndio hoja: malipo yanafuata jasho, na anayetaka kuwanyima malipo lazima kwanza akane jasho.

Masimulizi hayo yana upungufu wake, na si haki kuupita kimya. Anayetajwa kuwa mtoaji hakuwa mwenye mali. Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wameru wana kumbukumbu zao kuhusu ardhi hiyohiyo, na katika kumbukumbu hizo Mwingereza aliwagawia watu kitu asichokuwa nacho. Lakini kama utungo, masimulizi ya askari wa Isiolo yana jambo moja ambalo hati ya serikali haina. Yanataja sababu, na yanaitaja katika sentensi ambayo msikilizaji anaweza kuipinga. Mborana anaweza kusimama barazani akasema: mlipigana kweli, lakini aliyewapa hakuwa na haki ya kutoa. Mabishano yanawezekana kwa sababu kila neno liko wazi mezani.

Serikali yenyewe haikuwahi kuyaandika masimulizi hayo katika vitabu vyake. Sheria ya kodi ya mwaka 1936 ilipowaweka Wasomali katika daraja la chini ya Waasia, Waisaaq waliongoza kampeni ndefu, iliyoendelea hadi mwanzo wa miaka ya 1940, wakidai wahesabiwe pamoja na Waasia. Walidai hivyo ingawa daraja la Waasia lilitozwa kodi kubwa zaidi. Waliokuwa tayari kulipa zaidi ili wabadilishiwe daraja walikuwa wameielewa serikali vizuri: kinachompa mtu haki ni safu ya daftari alimoandikwa. Daftari la kodi lilikuwa na safu ya asili ya mtu. Halikuwa na safu ya vita alivyopigana.

Wakati huohuo, kwingineko katika koloni, kulikuwa na karatasi nyingine ambayo naiona kuwa mzazi wa kweli wa hati tunayoisoma. Sheria ya Kuandikisha Wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa vita vilipokwisha, ilimlazimu mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 kubeba kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Ndani yake kulikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na nafasi ya tarehe ya kuachishwa. Nafasi hiyo ya mwisho ilijazwa na mwajiri. Asipoitia sahihi, mfanyakazi alikuwa bado wake, hata kama amekwisha kwenda zake. Polisi akimkamata, ni mtoro.

Tazama jinsi kazi ilivyogawanywa katika utungo huo. Mmoja anaandika, mwingine anabeba. Anayebeba anahusika katika kila mstari, alama za vidole vyake zimo ndani, lakini hana mahali pa kutia neno. Kipande kilikuwa wasifu wa mtu ulioandikwa na kila mtu isipokuwa yeye. Kilipofutwa katika miaka ya 1940, mgawanyo huo haukufutika pamoja nacho. Uko kwenye hati ya kuachishwa jeshi hadi leo: askari anahusika katika kila safu, na hana safu yake.

Nguvu ya sahihi isiyotiwa tuliiona Mombasa mwaka 2014, mahakama ya kijeshi ilipowahukumu wanamaji zaidi ya 20 wa zamani kifungo cha maisha kwa kosa la utoro. Walikuwa wameondoka miaka kadhaa nyuma kwenda kufanya kazi na kampuni za Kimarekani Mashariki ya Kati. Walikata rufaa. Sitetei kuacha lindo bila ruhusa. Jeshi ambalo kila mtu anatoka apendapo si jeshi. Ninachotazama ni kwamba umbali kati ya mstaafu na mfungwa wa maisha ulikuwa karatasi moja, na karatasi hiyo huandikwa na upande mmoja.

Sasa tuusome mstari wenyewe.

Miongoni mwa sababu za kuondoka zilizokuwa katika kanuni za jeshi la Uingereza, na ambazo majeshi ya makoloni yalizirithi, ipo moja iliyofanya kazi kubwa kuliko nyingine zote: huduma zake hazihitajiki tena. Ni sentensi tulivu. Haina tusi, haina shtaka, haitaji kosa. Mtu asiyejua mambo ya jeshi anaweza kuisoma akadhani askari ameondoka kwa heri, kazi imekwisha. Wanaojua huisoma vingine kabisa.

Mtenda hayumo. Nani hahitaji? Kitenzi kimegeuzwa hivi kwamba uamuzi unaonekana kama hali ya hewa, jambo lililotokea lenyewe. Kamanda aliyeamua ametoka nje ya sentensi kabla haijaandikwa. Askari naye ametolewa. Kinachokanushwa ni huduma zake, kama vile huduma ziliweza kutembea peke yake, kulala handakini peke yake na kujeruhiwa peke yake. Hapo mwisho limebaki neno dogo la tena, na ndilo pekee linalokiri kwamba kulikuwa na wakati alipohitajika. Miaka yote ya utumishi imekaa ndani ya silabi mbili.

Lakini jambo zito zaidi katika sentensi hiyo ni kwamba haiwezi kujibiwa. Mtu akiambiwa ameiba petroli ya kambi, ataleta shahidi, ataleta daftari la stoo, atasema siku hiyo nilikuwa likizo. Mtu akiambiwa alilala lindoni, ataleta mwenzake wa zamu. Aliyeambiwa hahitajiki ataleta nini? Hakuna tarehe ya tukio, kwa hiyo hakuna wa kushuhudia alikuwa wapi. Hakuna tendo, kwa hiyo hakuna wa kukana tendo. Sentensi isiyo na shtaka haina utetezi. Ndiyo maana naiona kuwa kali kuliko ile ya kufukuzwa kwa fedheha, ambayo angalau hutanguliwa na mahakama ya kijeshi, mashahidi, na haki ya kwenda Mahakama Kuu kwa rufaa.

Jeshi la Uingereza lilikuwa pia na ngazi za tabia, kuanzia ya mfano, nzuri sana, nzuri, ya wastani, kushuka hadi mbaya. Hizo nazo ni sifa zilizoachwa bila nomino. Nzuri katika nini? Mbaya lini? Mwalimu wa kidato cha pili hawezi kukubali insha ya mwanafunzi inayosema mhusika ni mbaya bila kuonyesha alichotenda, lakini mwajiri wa uraiani aliikubali tathmini hiyo bila swali.

Sentensi ya namna hii humeza watu kwa makundi, na hapo ndipo historia yetu inapoumia. Usiku wa Januari 24, 1964, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi katika kambi ya Lanet, karibu na Nakuru, siku chache baada ya wenzao wa Tanganyika kuasi Dar es Salaam. Tanganyika, Nyerere alilivunja jeshi zima na kuanza upya. Kenya ilikivunja kikosi. Baadhi ya askari walishtakiwa katika mahakama ya kijeshi, wengine wakarudishwa nyumbani bila kesi. Miaka 18 baadaye, Agosti 1, 1982, baadhi ya askari wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali ya Daniel arap Moi. Jeshi la Anga lote likavunjwa. Liliporudi liliitwa 82 Air Force, na jina lake la asili halikurejea hadi 1994. Maelfu walikamatwa. Viongozi wa jaribio hilo, Hezekiah Ochuka akiwemo, walinyongwa mwaka 1987. Wengine walifungwa. Na wapo wengi waliokaa vizuizini kwa miezi, wakateswa, wasipatikane na hatia yoyote, kisha wakatolewa jeshini kwa ile sentensi tulivu.

Katika kundi hilo la mwisho umbo la hati linaonekana kwa ukatili wake wote. Walikuwamo mafundi wa ndege, makarani, wapishi, madereva waliokuwa likizo siku ya tukio. Hati haikuwatofautisha na aliyebeba bunduki kwenda kituo cha redio, kwa kuwa haikuwa na mahali pa kuwatofautishia. Mwaka wa kutoka ulitosha kumwambia mwajiri yeyote kilichobaki. Tarehe, ambayo kwenye hati ni taarifa ya kawaida tu, iligeuka kuwa shtaka. Kwa hiyo mtu alikuwa na hati isiyomshtaki kwa lolote, na kila aliyeisoma akamhukumu.

Baada ya mwaka 2002, na zaidi baada ya Katiba ya 2010, wengi wao walikwenda Mahakama Kuu. Hukumu zilizotoka hazikulingana. Wako majaji waliowapa fidia kwa mateso waliyoyapata. Wako waliosema kwamba wamechelewa mno, kwamba miaka zaidi ya 20 ni mingi kwa mtu kuja kudai. Sababu hiyo ya kuchelewa nimeifikiria sana. Mtu aliyepewa karatasi isiyosema kosa lake alitakiwa kujua siku gani aanze kulijibu?

Kesi ya Meja Jenerali Peter Mwagiru Kariuki, aliyekuwa kamanda wa Jeshi la Anga siku ile ya Agosti, inafaa kusomwa kando ya hati kwa ajili ya umbo lake. Yeye alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi kwa kushindwa kuzuia uasi, akafungwa miaka minne na kuvuliwa alichokuwa nacho. Karibu miongo mitatu baadaye Mahakama Kuu iliona kwamba haki zake zilivunjwa na ikampa fidia ya shilingi milioni 7. Mahakama ya Rufaa ikaipandisha hadi milioni 15 mwaka 2014. Hukumu ya mahakama ni utungo wa aina nyingine kabisa. Majaji wanaoamua wanatajwa kwa majina. Kila upande unanukuliwa. Sababu zinapangwa moja baada ya nyingine, na msomaji asiyekubaliana anajua ni aya ipi aishambulie. Kilichokosekana katika mstari mmoja wa mwanzo kimejaa humo kurasa kwa kurasa. Lakini ilibidi mtu azeeke ndipo apate kusimuliwa kwa sentensi zenye watenda.

Tatizo hili si letu peke yetu, na Wamarekani wamelipitia kwa namna inayomsaidia mhakiki. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, jeshi lao lilikuwa na hati ya kuachishwa iliyochapishwa kwenye karatasi ya buluu. Haikuwa ya heshima na haikuwa ya fedheha. Ilikaa katikati, bila kesi. Kati ya 1941 na 1945 zilitolewa zaidi ya 48,000. Askari Weusi walikuwa chini ya asilimia 7 ya jeshi hilo, lakini zaidi ya asilimia 22 ya hati za buluu ziliangukia mikononi mwao. Wanaume na wanawake walioshukiwa kupenda watu wa jinsia yao nao walipewa kwa wingi. Maneno ya hati hayakuwa na matusi. Rangi ya karatasi ilitosha. Mwajiri hakuhitaji kuisoma, aliiona tu ikitolewa mfukoni. Ofisi ya maveterani iliwanyima wengi wao masomo na mikopo iliyowafungulia wenzao maisha mapya. Gazeti la Weusi la Pittsburgh Courier lililipigia kelele jambo hilo mwaka 1945, na mwaka 1947 hati ya buluu ikaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na ngazi nyingine mbili, moja ya jumla na nyingine isiyo ya kuhitajika.

Fasili ya kisheria ya mkongwe wa jeshi huko Marekani nayo imejengwa kwa ukanushaji: ni mtu aliyetumikia, kisha akaachiliwa katika hali isiyokuwa ya fedheha. Sheria haimtaki athibitishe kwamba alitumikia vema. Inauliza tu kama yuko nje ya doa. Doa likiwepo, hata kama lilipatikana mwezi wa mwisho wa kipindi kirefu cha utumishi, linarudi nyuma na kuifuta miaka yote ya kipindi hicho. Hiyo ndiyo sarufi ya hati za kuachishwa popote zilipo: kitenzi cha mwisho kinavitawala vyote vilivyotangulia. Katika hadithi nzuri mwisho hutupa maana ya mwanzo. Hapa mwisho unaufuta mwanzo.

Wamarekani walifanya jambo moja ambalo sisi hatuna budi kulitazama. Tangu 1944 wana bodi za kupitia upya hati za kuachishwa, na askari ana miaka 15 ya kuomba hati yake isomwe tena. Mwaka 2014 waziri wao wa ulinzi, Chuck Hagel, aliziagiza bodi za kurekebisha kumbukumbu za kijeshi zizingatie kwa huruma maombi ya waliovurugika akili kwa sababu ya vita, maana ilikuwa imeonekana wazi kwamba utovu wa nidhamu ulioandikwa kwenye hati nyingi ulikuwa ugonjwa. Sisi tuna askari walionusurika kambi zao za Somalia ziliposhambuliwa, El Adde Januari 15, 2016, na Kulbiyow Januari 27, 2017. Tuna waliokuwa Somalia tangu Oktoba 2011, wakipanda magari kwenye barabara zilizotegwa mabomu. Mmoja wao akirudi, akaanza kunywa, akachelewa kurudi kambini, akamjibu vibaya mkubwa wake, hati yake itasema nini? Mstari mmoja hauwezi kubeba tendo na chanzo chake kwa pamoja. Utabeba tendo.

Kuna msomaji mwingine wa hati hii ambaye hatajwi kabisa tunapozungumzia haki za wanajeshi wastaafu, naye yuko Isiolo. Kati ya 1963 na 1967, wakati wa vita vya Shifta kati ya serikali na waasi waliotaka kujiunga na Somalia, watu wa Garbatulla na Merti walikusanywa vijijini chini ya ulinzi wa bunduki, mifugo yao ikafa au ikachukuliwa, na wengi wakabaki fukara hadi leo. Kwa familia hizo neno askari halimaanishi tu baba aliyenyimwa pensheni. Linamaanisha pia mtu aliyeingia bomani usiku. Mwandishi anayewatetea askari wastaafu katika kaunti hii bila kuwataja watu hao atakuwa amewatetea kwa kuwasahau wengine.

Na hapo ndipo naona kwamba hati isiyo na sababu inawadhulumu wote wawili. Aliyetolewa jeshini kwa kuwa kikosi chake kiliasi yeye akiwa likizo, na aliyetolewa kimyakimya kwa kuwa alimpiga risasi raia na wakubwa hawakutaka kesi, wanaweza kupewa sentensi moja. Wa kwanza amebebeshwa kosa asilolitenda. Wa pili amefutiwa kosa alilolitenda. Mama wa Garbatulla anayetaka kujua kama mtu fulani aliwahi kuulizwa juu ya mwanawe hatapata jibu kwenye hati, kama vile askari asiye na hatia asivyopata. Sentensi ile tulivu inaficha dhuluma ya jeshi kwa askari wake na dhuluma ya askari kwa raia kwa pazia lilelile. Wanaodhani kwamba kudai sababu iandikwe ni kuwalegezea askari nidhamu hawajaisoma vizuri.

Bunge limetunga Sheria ya Maveterani wa Kijeshi ya mwaka 2022, na ni hatua nzuri kwamba sasa kuna sheria inayowataja watu hawa kwa jina lao. Ila sheria yoyote ya mafao huipokea hati ya kuachishwa kama ukweli uliokwisha kuthibitishwa. Karani hana mamlaka ya kuuliza kama mstari ule uliandikwa kwa haki. Anausoma, anafungua faili au analifunga. Kwa hiyo mageuzi ya mafao yasipofika hadi kwenye karatasi yenyewe, yatakuwa yamewapanulia mlango wale tu waliokwisha kuingia.

Katiba ya 2010 inatoa nafasi ambayo sijaona ikitumiwa ipasavyo. Kifungu cha 24(5) kinaruhusu sheria kupunguza baadhi ya haki za wanajeshi, na kinazitaja moja moja: faragha, kujiunga na vyama, kukusanyika na kuandamana, mahusiano ya kazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za waliokamatwa. Isome orodha hiyo kama unavyosoma beti, kwa kuangalia pia kilichoachwa. Kifungu cha 47, kinachompa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na vyombo vya utawala, na haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomwathiri, hakimo katika orodha. Walioiandika walikaa wakachagua haki ambazo askari anaweza kupunguziwa, na haki ya kuandikiwa sababu hawakuichagua. Kwa ninavyoisoma mimi, askari anayeondoka kambini Isiolo na mstari usiosema lolote amenyimwa kitu ambacho Katiba ilikataa kwa makusudi kumnyima.

Kurekebisha karatasi hakuhitaji fedha nyingi. Sababu iandikwe kwa sentensi yenye mtenda: ofisa fulani wa cheo fulani ameamua, kwa tukio la tarehe fulani. Kama ni ugonjwa, ripoti ya daktari itajwe. Kama ni kosa dhidi ya raia, kesi yake na mahali iliposikilizwa vitajwe. Hati iseme rufaa inapelekwa wapi na ndani ya muda gani, ili siku moja jaji asimwambie mzee wa miaka 70 kwamba alichelewa. Na chini ya sahihi ya ofisa, juu ya mhuri, iachwe nafasi ya mistari michache ambayo anayeondoka ataijaza kwa mkono wake, na mistari hiyo iende kokote hati inakokwenda: kwa karani wa pensheni, kwa kampuni ya ulinzi, kwa mjane, na kwa yeyote kutoka Garbatulla mwenye swali juu ya jina lililoandikwa juu yake.